Tarakimu Sita, Sekunde 30

Mwaka 1962, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mtafiti kijana Allan Scherr alikuwa na shida: muda aliopangiwa kwenye kompyuta kubwa ya chuo haukumtosha. Mfumo wa kompyuta hiyo, uliobuniwa na Fernando Corbató na wenzake, ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kumtaka kila mtumiaji aandike nywila. Scherr aliiagiza mashine ichapishe faili lenye nywila zote. Ikachapisha, naye akaendelea na kazi zake kwa akaunti za wenzake.

Tangu utotoni mwake, basi, nywila peke yake haikuwa kinga ya kutosha. Ni kitu cha kujua tu, na anachokijua mmoja kinaweza kujulikana na wengi. Ndiyo sababu leo benki, barua pepe na mifumo ya serikali inadai na ushahidi wa pili: kitu ulichonacho, kama simu, au kitu cha mwilini mwako, kama alama ya kidole. Mwizi aliye mbali anaweza kununua nywila yako mtandaoni, lakini simu iliyo mfukoni mwako haifikii kwa urahisi.

Hatua inayowashangaza wengi ni ile ya programu ya uthibitisho, inayotoa tarakimu sita na kuzibadilisha kila baada ya sekunde 30. Zinatoka wapi, na mbona hutoka hata simu ikiwa haina bando? Siku ile unapoielekezea kamera alama yenye vimiraba vyeusi na vyeupe, simu yako inapokea siri ndefu ambayo seva nayo inaihifadhi. Kuanzia hapo pande hizo mbili hazina haja ya kuwasiliana ili namba ipatikane. Kila upande unahesabu ni vipindi vingapi vya sekunde 30 vimepita tangu tarehe 1 Januari 1970, unaichanganya hesabu hiyo na ile siri kwa kanuni moja ya kihisabati, na jibu linakatwa hadi zibaki tarakimu sita. Utaratibu huu ulichapishwa rasmi mwaka 2011. Kwa kuwa kila kitu kinategemea wakati, simu ambayo saa yake imerekebishwa kwa mkono ikakosewa kwa dakika kadhaa itatoa namba zinazokataliwa kila mara. Mwenye simu atadhani amefungiwa akaunti, kumbe dawa ni kuiacha saa ijirekebishe yenyewe kwenye mipangilio.

Mwanzoni hatua zote hizi zinachosha kwelikweli. Kumbukumbu tunayoitumia kushikilia mambo kwa sekunde chache ina nafasi ndogo, na tarakimu sita zinakaribia kuijaza. Ndiyo maana mtu huzitamka tatu tatu huku akihama kutoka kwenye programu, au kwenye ujumbe mfupi ulioleta namba, kwenda kwenye kisanduku cha kuandikia. Kwa kurudiarudia, kazi hiyo inahamia taratibu kwenye sehemu za ndani ya ubongo zinazoendesha mazoea, na vidole vinakwenda bila kufikiriwa. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliojiwekea zoea jipya la kila siku, kama kunywa maji baada ya chakula. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, zoea lilikadiriwa kukomaa kwa siku 66 hivi kwa mtu wa kati, ila wengine ilikuwa siku 18 na wengine 254. Hao walikuwa wakirudia kila siku. Anayeingia kwenye mfumo mara moja kwa mwezi kutazama hati ya mshahara asijione mzito wa kuelewa. Hajapata nafasi ya kurudia.

Lakini kuzoea kuna hatari yake, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwaonyesha watu maonyo ya kompyuta huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine ya MRI. Utafiti wao wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba sehemu zinazoshughulikia kuona zilipunguza kazi kwa kiasi kikubwa mara onyo lilipoonekana kwa mara ya pili tu. Macho yalikuwa wazi, ila ubongo ulishaacha kulitazama.

Matapeli wanaishi kwenye pengo hilo. Mwaka 2022 kampuni ya Uber ilivamiwa na mtu aliyekuwa na nywila ya mfanyakazi mmoja wa mkataba. Alimtumia maombi ya kukubali kuingia, moja baada ya jingine, hadi mfanyakazi akakubali moja. Kwetu mbinu huja kwa sauti ya upole: "Napiga kutoka huduma kwa wateja, nisomee namba iliyoingia sasa hivi." Mara nyingi ujumbe wenyewe umeandika kwamba namba hiyo asipewe mtu, na umetaja ni ya kuingia, kuhamisha pesa au kubadilisha nywila. Lakini macho yaliyozoea yanarukia tarakimu na kuacha maneno.

Kwa hiyo viache vidole vizoee, ila ujumbe usome kuanzia neno la kwanza, kila mara. Namba ikija nawe hukuanzisha chochote, usimtajie mtu, na ubadilishe nywila siku hiyo hiyo. Namba za akiba unazopewa wakati wa kujisajili ziandike kwenye karatasi uiweke nyumbani. Kumbuka pia kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mteja mwingine, ambaye ndiye atakayepokea ujumbe wako wa uthibitisho.

Neno la mwisho ni kwa vijana wa steshenari na wote mnaowasaidia wazee kujisajili. Nywila ya mteja isiandikwe kwenye daftari la duka, wala akaunti yake isifunguliwe kwa namba yako ya simu. Mpe simu yake mkononi, msomee hatua polepole, na yeye mwenyewe abonyeze.