Ukienda Lowell, tembea kando ya mifereji

Kama una shangazi au binamu jimbo la Massachusetts kule Marekani, huenda anaishi Lowell. Wakenya ni wengi mji huo. Siku ukimtembelea, kabla hajakupeleka maduka ya Boston, mwambie mwende matembezi ya mifereji.

Usicheke. Tangu 1978 Lowell ina mbuga ya taifa, ila haina simba hata mmoja. Askari wa mbuga, kofia pana kichwani, anakusanya kundi la wageni na kulipitisha kando ya maji, katikati ya viwanda vikuukuu vya matofali mekundu. Mifereji yote pamoja ni kama kilomita 9.

Wa kwanza, Pawtucket, ulichimbwa miaka ya 1790 ili mashua na magogo yakwepe maporomoko ya mto Merrimack. Pale mto unashuka karibu mita 10. Miaka ya 1820 matajiri wa Boston wakaona pesa ndani ya maporomoko hayo. Wakaununua mfereji, wakachimba mingine, wakayaelekeza maji viwandani. Maji yakishuka, gurudumu linazunguka, mikanda inavuta, mashine zinafuma kitambaa.

Na nani alisimama kwenye hizo mashine? Mabinti kutoka mashambani, wengi wa rika lako. Walipiga kazi kama saa 73 kwa wiki. Mishahara ilipokatwa 1834, wakagoma. Walipoongezewa gharama za bweni 1836, wakagoma tena. Miaka ya 1840 Sarah Bagley na wenzake wakakusanya sahihi kudai siku ya kazi ya saa 10. Sheria ilikuja 1874. Hebu piga hesabu walisubiri miaka mingapi.

Ukiingia jumba la makumbusho la Boott, mashine za zamani huwashwa. Sakafu inatetemeka, na kumsikia jirani yako ni shida. Hapo ndipo utaelewa.

Sasa muulize nyanya yako kitambaa cha amerikani ni nini. Jina halikutoka hewani. Karne ya 19, merikebu za Salem, mji wa jimbo hilo hilo, zilileta Zanzibar nguo za viwanda vya huko. Misafara ikabeba majora hadi bara kununulia pembe za ndovu. Na pamba yenyewe? Ilichumwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani. Kwa hivyo mtu wa pwani alipojifunga amerikani, alivaa jasho la watu asiowajua.

Leo mkondo umegeuka. Mabinti wa Athi River ndio wanashona nguo zinazovaliwa Marekani. Ukitembea Lowell, usipige selfi tu kwenye daraja. Jiulize: wale wa kwetu wanalipwa ngapi, na wakigoma, wewe na mimi tutakuwa upande gani?