Lexington: Wanafunzi wa farasi wajifunza biashara yenye kudumu na kuandika habari isiyopendeza

Huko Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kijana anaweza kuingia chuo kikuu na kutoka na diploma ya farasi. Chuo Kikuu cha Kentucky kinatoa masomo ya miaka minne juu ya elimu ya farasi na usimamizi wa kazi zake. Mwanafunzi hujifunza chakula cha mnyama, magonjwa yake, malisho, hesabu za biashara, tena anafanya staji. Kuna wanaofanya staji hiyo kwa kalamu: wanaandikia jarida la habari la kitengo cha farasi cha chuo hicho, wakieleza wafugaji mambo ambayo watafiti wamevumbua.

Mji huo si mgeni kwa Wakongomani. Familia nyingi zilizokimbia vita mashariki mwa RDC zilipewa makao Kentucky, na katika shule za serikali za Lexington Kiswahili ni moja ya lugha zinazosemwa sana na wanafunzi nyumbani, baada ya Kiingereza na Kihispania. Mtoto aliyezaliwa karibu na Bukavu, ambaye pengine hakuwahi kumuona farasi kwa macho, leo anapita na basi la shule kando ya uzio mrefu wa mashamba ambamo farasi mmoja anaweza kuuzwa kwa mamilioni ya dola.

Farasi ndio uchumi wa eneo hilo. Uwanja wa mbio wa Keeneland ulifunguliwa mwaka 1936, na kila mwezi wa tisa maelfu ya farasi wachanga wanauzwa hapo kwa mnada. Mwaka 2010 mashindano ya dunia ya farasi yalifanyika Lexington, mara ya kwanza nje ya Ulaya. Majarida makubwa ya farasi nayo yana makao humo, likiwemo BloodHorse lililoanzishwa mwaka 1916.

Lakini mwanafunzi anayesomea biashara endelevu, yaani biashara ambayo haiharibu kile inachokitegemea, anakutana haraka na hesabu ngumu. Ya kwanza ni ya samadi. Farasi mmoja mkubwa hutoa takriban kilo 23 za mavi kwa siku, zaidi ya tani 8 kwa mwaka. Yakirundikwa vibaya, mvua inayapeleka mtoni. Yakiozeshwa vizuri, yanakuwa mbolea. Malisho yana shida kama hiyo: farasi wakiachwa sehemu moja muda mrefu wanakula majani mpaka kwenye mzizi, udongo unabaki mtupu, na mwenye shamba analazimika kununua majani makavu ambayo shamba lake lingempa bure.

Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Farasi wa mbio huanza kazi akiwa na miaka 2, na wengi wao huacha kabla ya kufika miaka 6 au 7. Lakini anaweza kuishi miaka 25 na kupita. Anaingiza pesa kwa muda mfupi, kisha anakula kwa miaka karibu 20. Nani atamlisha?

Swali hilo lilipata uso na jina mwaka 2003. Jina ni Ferdinand. Farasi huyo alishinda Kentucky Derby, mbio zinazoheshimiwa kuliko zote Marekani, mwaka 1986, na mwaka uliofuata akatajwa kuwa farasi bora wa mwaka. Alipostaafu aliwekwa shambani ili azalishe. Watoto wake hawakung'aa. Mwaka 1994 akauzwa Japani, na huko pia wafugaji wakapunguza kumpelekea majike. Mwishowe akapitia mikono ya mchuuzi wa farasi. Ndipo jarida la The Blood-Horse likachapisha uchunguzi wa mwandishi Barbara Bayer: bingwa huyo hakuwa hai tena, na dalili zote zilionyesha kwamba alipelekwa machinjioni mwaka 2002.

Wasomaji walishtuka. Na jambo la kuangaliwa na kila anayejifunza uandishi ni hili: wakati huo jarida lenyewe lilikuwa mali ya chama cha wenye farasi na wafugaji. Matangazo yake yalitoka kwa mashamba yanayouza mbegu za madume kama Ferdinand. Kuchapisha habari ile kulikuwa sawa na kuwavua nguo wenye nyumba mbele ya wageni. Hata hivyo ilichapishwa.

Matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Baadhi ya wafugaji walianza kuandika katika mikataba kwamba farasi akimaliza kazi ng'ambo, wa kwanza kuulizwa kama wanamtaka ni wao. Mwaka 2012 uliundwa muungano wa Thoroughbred Aftercare Alliance, wenye makao Lexington, unaokagua vituo vya kutunza farasi waliostaafu na kuvipa pesa zinazochangwa na watu wa biashara hiyo wenyewe.

Mwaka ule ule wa 2003, Michael Blowen, aliyekuwa mchambuzi wa filamu wa gazeti la Boston Globe, alianzisha kituo cha Old Friends, ambacho shamba lake liko Georgetown, karibu na Lexington. Wazo lake wengi walilicheka: eti watu watalipa kumtazama farasi mzee anayekula karoti? Walilipa. Leo kituo kinatunza farasi zaidi ya 200, kwa misaada na kwa pesa za wageni wanaokuja kuwaona. Silver Charm, mshindi wa Derby wa mwaka 1997, alirudishwa hapo kutoka Japani mwaka 2014. War Emblem, mshindi wa mwaka 2002, akamfuata mwaka 2015. Njia ile ile iliyompoteza Ferdinand, wao waliipita wakirudi nyumbani.

Kwa hiyo masomo hayo mawili, biashara na uandishi, yanakutana pahali pamoja. Mwenye shamba anayesema biashara yake ni safi anahitaji mtu wa kwenda kuangalia nyuma ya banda: samadi inamwagwa wapi, mtunza farasi analipwa kiasi gani, mnyama wa miaka 12 yuko wapi sasa. Mwandishi asiyejua hesabu atadanganywa na karatasi nzuri. Mfanyabiashara asiyependa kuulizwa maswali atashangaa siku moja wateja wamemkimbia.

Shida bado ipo. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini Marekani yalifungwa mwaka 2007, lakini farasi wameendelea kupakiwa kwenye malori kuelekea Mexico na Kanada. Na majarida ya farasi bado yanaishi kwa matangazo ya wale wale yanaopaswa kuwachunguza. Mwanafunzi anayeanza kuandika leo Lexington atakutana na simu ile ile ya mwenye tangazo, akiomba habari fulani ingoje kidogo. Jibu atakalolitoa siku hiyo halimo katika kitabu chochote cha darasani.