Mkuki wa samaki

Mkuki wa samaki ni chombo cha uvuvi chenye mpini mrefu na meno mawili au zaidi kwenye ncha. Meno huwa ya chuma, mfupa au mti mgumu, na mara nyingi yana vijino vilivyoelekea nyuma kama vya ndoana, ili samaki akishachomwa asichomoke. Ni tofauti na chusa, ambayo hufungwa kamba na hurushwa kwa samaki wakubwa.

Wingi wa meno una sababu. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, hivyo samaki aliye kwenye kina cha mita 1, akitazamwa kutoka juu, huonekana kama yuko kwenye sentimita 75 tu. Mvuvi mzoefu hulenga chini ya pale anapomwona. Hata hivyo samaki ni mwembamba na hukwepa upesi: ncha moja hupita kando, lakini meno yaliyotawanyika huweza kumnasa kwa jino moja.

Chombo hiki ni cha kale sana. Huko Katanda, kando ya mto Semliki mashariki mwa Kongo, zilipatikana ncha za mifupa zenye vijino pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka 80,000 hadi 90,000. Kambare huingia maji ya kina kifupi kutaga mayai wakati wa mvua, na hapo ni rahisi kuchomwa.

Katika Kilimanjaro mambo ni tofauti. Wachagga ni wahunzi maarufu, hasa wa Mamba, na zamani chuma chao kilitoka Upare. Lakini mikuki yao ilikuwa ya vita, ulinzi na uwindaji, yenye bapa moja. Vijito vya mlimani ni vya baridi na vina kasi, na chakula cha jadi kilikuwa ndizi, maziwa na nyama. Kwa hiyo si kila mkuki wa zamani unaoonyeshwa Moshi ulihusu uvuvi. Kwa kawaida haukuhusu.

Samaki wako tambarare, katika Ziwa Jipe na bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mito Kikuletwa na Ruvu hukutana. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960, na perege wake hufika masoko ya Moshi. Wengi wao huvuliwa kwa nyavu.