Ardhi "Tupu" Ilikuwa na Wachungaji

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha historia katika shule moja ya upili karibu na Nakuru, niliwasomea wanafunzi wangu maelezo ya kitabu kimoja kikuukuu kwamba walowezi wa Kizungu walilikuta Bonde la Ufa likiwa tupu. Mvulana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "ikiwa ardhi ilikuwa tupu, kondoo wa Delamere walichungwa na nani?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka. Ningependa walimu wenzangu na wanafunzi walitafakari swali hilo pamoja nami.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, baada ya kugharimu zaidi ya pauni milioni 5. Kamishna Charles Eliot aliamini kuwa fedha hizo zingerudi ikiwa walowezi wangelima na kufuga kando ya reli. Ndipo mwaka 1903 Lord Delamere akapewa ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Nyasi zilipendeza macho, na mifugo ya wenyeji haikuonekana. Akaagiza kondoo majike wa aina ya merino kutoka New Zealand na madume kutoka Uingereza, akitumaini kutajirika kwa sufu.

Kondoo wale walidhoofika, wakafa kwa wingi. Sayansi ilikuja kueleza baadaye kwamba udongo wa volkano wa sehemu hizo una upungufu wa madini, hasa kobalti. Kondoo anayekosa kobalti hawezi kutengeneza vitamini B12 tumboni mwake, naye hukonda hata akisimama katikati ya majani mabichi. Wamaasai hawakulijua neno kobalti, lakini walijua kwamba mifugo haistawi pale, ndiyo maana hawakuipeleka. Kile ambacho mgeni alidhani ni utupu kilikuwa ni maarifa ya wenyeji.

Delamere alihamishia kondoo wake Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, nao wakanawiri. Lakini malisho hayo mema hayakuwa yamemsubiri yeye. Mnamo Agosti 1904, Olonana na viongozi wenzake walitia sahihi mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa baina ya Laikipia na hifadhi ya kusini mwa reli. Mkataba ulisema ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haukudumu hata miaka 7. Mwaka 1911, walowezi walipoitamani Laikipia pia, mkataba mwingine ulifanywa, na kufikia mwaka 1913 watu walikuwa wameswagwa kwenda kusini pamoja na ng'ombe na kondoo wao.

Wamaasai wa kaskazini, wakiongozwa na Ole Gilisho, walipinga jambo hilo, na kesi ikafikishwa mahakamani. Mwaka 1913 mahakama iliitupilia mbali, ikisema kuwa mkataba ule ulikuwa kati ya Uingereza na taifa la kigeni, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuuamua. Watu waliotawaliwa kama raia walipodai haki yao waliambiwa ni wageni!

Wapo watakaosema kwamba walowezi walileta majosho, ua za seng'enge na mbegu bora za mifugo. Sikatai. Delamere mwenyewe aliteketeza mali nyingi katika majaribio yake, na wafugaji waliofuata walinufaika na makosa yake. Lakini jibu la yule mvulana ni kwamba kondoo wa Delamere walichungwa na Wamaasai. Aliwaajiri kwa sababu hakuna aliyewashinda kwa kujua mifugo. Ujuzi wao ulihitajika katika ardhi ile ile ambayo haki yao ilikanwa.

Hata kondoo wao mwekundu, aliyedharauliwa kwa kukosa sufu, leo anathaminiwa na watafiti kwa sababu anastahimili minyoo ambayo huwaua kondoo wa kigeni. Wakati huohuo, wafugaji wengi wamemchanganya na aina ya dorper, hata kondoo halisi wa Kimaasai amekuwa adimu.

Jambo hili halikuisha na ukoloni. Mwaka 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana wakidai Laikipia. Kijana aliyefundishwa kwamba ardhi ilikuwa tupu atayaonaje madai hayo? Atayaona kama uchokozi mtupu, kwa kuwa sisi tulimnyima mwanzo wa hadithi.

Basi walimu, tusiwazime wanafunzi wanaouliza wakiwa wameketi nyuma. Tuwatume kwa wazee wa sehemu zao wakaulize nani alichunga wapi, na kwa nini aliondoka. Kuuliza si ujinga. Kondoo wa Njoro walikufa kwa sababu mwenye mali hakuuliza.