TUTUNZE BETRI, TUTUNZE JASHO LETU

Mfanyakazi wa Kahama siku hizi hawezi kwenda kazini bila betri. Mchimbaji mdogo huingia shimoni kwa tochi ya kichwani. Dereva wa bodaboda huitwa na abiria wake kwa simu. Mama lishe wa Nyahanga hulipwa kwa simu hiyo hiyo. Betri ikifa, kazi imesimama, na kununua nyingine ni kutoa chakula mezani. Kwa hiyo twaona yafaa kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wamelidharau kwa kuliona dogo.

Betri za simu na za tochi nyingi za leo ni za lithiamu. Zilianza kuuzwa na kampuni ya Kijapani mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu ambao kazi yao ndiyo iliyozizaa walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kila betri ijazwapo na kutumika, huchakaa kidogo. Nyingi za simu hutazamiwa kubaki na uwezo wa asilimia 80 hivi baada ya kujazwa kamili mara 500. Mwenye kuitunza huipita hesabu hiyo. Mwenye kuitesa haifikii.

Adui wa kwanza ni joto. Kuiacha simu juani juu ya pikipiki, au kuichaji chini ya mto, ni kuiua polepole. Adui wa pili ni kupita kiasi. Wapo wanaoshikilia kwamba betri sharti iishe kabisa ndipo ichajiwe. Desturi hiyo ilitokana na betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Kwa lithiamu ni madhara matupu. Yafaa ichajiwe ikikaribia asilimia 20, na iondolewe ifikapo 80 hivi, kila inapowezekana. Ya kuwekwa akiba iwekwe ikiwa nusu, mahali pasipo joto. Na iliyovimba isitobolewe wala isichajiwe tena, kwani yaweza kuwaka moto.

Betri kubwa za risasi, zitumikazo na umeme wa jua, zina desturi yake. Hizo hutaka kujazwa mpaka juu, wala zisitumiwe kupita nusu. Zikikaa tupu, vibao vyake vya risasi hushikwa na chumvi ngumu na nguvu yake hupotea.

Lakini hatutakuwa wenye haki tukimtupia mfanyakazi lawama yote. Atatunzaje betri ikiwa chaja aliyouziwa ni ya bandia? Mfanyabiashara aletaye bidhaa hizo anakula jasho la maskini, na Shirika la Viwango halina budi kumbana bila huruma. Tena simu nyingi hufungwa hata mwenyewe asiweze kubadili betri. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba, kuanzia Februari 2027, betri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Ikiwa mnunuzi wa Ulaya anastahili haki hiyo, kwa nini asiistahili mchimbaji wa Geita?

Jambo hili latuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Mgodi wa Buzwagi ulikoma kuzalisha dhahabu mwaka 2021, na mwaka 2024 Serikali ilitoa leseni ya kusafishia hapo nikeli ya Kabanga, madini yatiwayo katika betri nyingi. Itakuwa aibu nchi yenye madini ya betri ikigeuzwa jalala la betri za ovyo.

Twayaomba matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi wayafundishe mambo haya katika mikutano yao. Wahenga walisema akiba haiozi. Anayeitunza betri yake amejiwekea akiba. Na anayedai bidhaa bora amewatetea wenzake wote.