Ukuta wa parseli: uliza udongo kwanza, halafu fundi



Mvua za mwezi wa kumi zinakaribia, na kwenye mikutano yetu swali moja linarudi kila mara: ukuta wa kuzuia udongo. Mmoja anauliza mifuko mingapi ya simenti, mwingine anauliza matofali au mawe. Ni maswali mazuri, lakini si ya kwanza. La kwanza ni hili: parseli yako imekaa juu ya udongo gani?

Kalemie yetu ina ardhi za namna mbalimbali katika mji mmoja. Chini, kando ya ziwa na pale Lukuga inapotoka kwenda kutafuta mto Kongo, ni mchanga. Ukipanda mlima unakuta mara nyingi udongo mwekundu unaonata. Halafu kuna parseli za kuchonga: mlima umekatwa, udongo umesukumwa mbele ili kiwanja kipatikane. Hapo nusu ya nyumba inakaa kwenye ardhi ya asili, na nusu nyingine kwenye udongo uliomwagwa jana. Fundi anayejenga ukuta wa namna moja kila mahali anakuuzia bahati.

Tuanze na jambo linaloangusha kuta nyingi kuliko yote, nalo si udongo. Ni maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta. Chukua ukuta wenye kimo cha mita moja. Maji yakijaa nyuma yake mpaka juu, kila mita moja ya ukuta inasukumwa na nguvu ya kilo 500 hivi, yaani mifuko kumi ya simenti. Ukuta wa mita mbili, mtu angedhani ni mifuko ishirini. Hapana, ni mifuko arobaini. Kimo kikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Na hayo ni maji peke yake, udongo hatujauhesabu. Ndiyo maana ukuta unaweza kusimama kiangazi chote ukionekana mzuri, na mvua moja ya usiku ikaulaza.

Kwa hiyo ukuta usiotoa maji ni hatari kuliko kilima kilichoachwa kama kilivyo. Uwe na matundu ya tiyo, upana wa vidole vinne hivi, karibu na chini, kila baada ya hatua mbili. Nyuma ya ukuta, kabla ya kurudisha udongo, jaza kokoto kwa unene wa sentimita 30, kutoka chini mpaka karibu na juu. Bila kokoto, tundu litazibwa na matope mwaka wa kwanza, na litabaki pambo. Juu ya ukuta chimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua pembeni, ila si kwenye mlango wa jirani. Tena, hapa tunasema bila haya, shimo la choo na sehemu ya kuoga visikae mgongoni mwa ukuta. Maji yale yanalowesha ardhi hata mwezi wa saba, wakati hakuna wingu.

Sasa udongo wenyewe. Wamama waliokua karibu na wafinyanzi wanajua kupima kuliko watu wengi wa ofisi. Lowesha udongo kidogo, uviringishe mkononi kama kamba. Kamba ikikubali kupindwa bila kukatika, huo ni udongo wa kunata. Ukivunjika mara moja, ni mchanga. Njia nyingine ni chupa: weka udongo nusu, ongeza maji, tikisa, weka chini. Mchanga unashuka kwa dakika moja. Udongo wa kunata unaacha maji machafu mpaka kesho yake.

Udongo wa kunata unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Usirudishe huohuo nyuma ya ukuta, na msingi ushuke chini kuliko zile nyufa za kiangazi. Kwenye udongo uliomwagwa, ukuta usiwekwe juu yake hata kidogo. Chimba mpaka jembe lidunde kwenye ardhi ngumu ya asili. Fundi akisema ameshafika, shuka mwenyewe uone.

Kwa ukuta wa mawe, upana wa chini usipungue nusu ya kimo, na uso wake ulale kidogo kuelekea mlima. Mahali pa mita mbili, afadhali kuta mbili za mita moja moja, zikiachana mita mbili au zaidi, katikati mkipanda majani yenye mizizi mirefu. Ukuta unaopita kimo cha mtu si kazi ya kukadiria kwa macho. Huo unataka ingenia.

Kwa wale wa kando ya ziwa ni kesi tofauti. Mchanga unapitisha maji vizuri, lakini wenyewe unakimbia. Mawimbi yanachimba chini ya msingi mpaka ukuta unaning'inia. Tuliona maji yalivyopanda mwaka 2021, na tena 2024, nyumba zikaingiliwa na watu wakahama. Hapo ukuta mgumu wa simenti unavunjika vipande. Makasha ya waya yaliyojazwa mawe yanafaa zaidi, kwa sababu yanapitisha maji na yanajipinda ardhi inaposhuka. Tusisahau tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, la ukubwa wa 6.8: ardhi ya bonde hili inatikisika, na kitu kinachojipinda kina nafuu kuliko kinachopasuka. Mifuko ya mchanga inasaidia kwa msimu, lakini jua linakula plastiki yake. Na kama ziwa limeshaingia sebuleni, hakuna ukuta wa familia moja utakaolirudisha.

Linalotuumiza zaidi ni hili. Ukuta wa mama wa juu, ukianguka, hauangukii watoto wake. Unaangukia watoto wa mama wa chini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 kule Kinshasa, vilima vya mchanga vilishuka na mafuriko yakaja, watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao nyumbani kwao. Kwa hiyo gharama ya ukuta wa mpakani izungumzwe na nyumba zote mbili, mbele ya shefu wa avenue ikibidi. Vikundi viwili vya likelemba vinaweza kutoa zamu moja kwa kokoto na tiyo kabla ya mvua. Vitu hivyo viwili ni rahisi kuliko simenti, na ndivyo vinavyorukwa kwanza pesa ikipungua.

Wenye ukuta tayari, tembeeni mkauangalie wiki hii. Ukitoa tumbo, ukiinama mbele, ukiwa na ufa unaopitisha kidole, au mvua kubwa ikinyesha na matundu yakabaki makavu, hamisheni kitanda cha watoto upande mwingine wa nyumba kwanza, halafu mtafute fundi.

Mama anayetaka tupime udongo wa parseli yake, aje na chupa yenye udongo nusu kwenye mkutano wa Jumamosi. Achote kwenye kina cha mkono mzima, si ule wa juu uliofagiliwa.