Jiko na Maana Zake katika Maisha ya Wasambaa wa Soni

Jiko ni mahali panapowashwa moto wa kupikia. Kutokana na maana hiyo zimezaliwa nyingine: chumba cha kupikia, chombo cha kupikia, mke, kaya, na jambo linaloandaliwa kabla halijaonyeshwa watu. Katika Soni, mji mdogo wa Milima ya Usambara ulio kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, pale njia ya Bumbuli inapochepuka, maana hizo zote zinaishi pamoja, na kila moja imebeba sehemu ya desturi za Wasambaa.

Jiko la asili ni mafiga: mawe matatu yaliyopangwa chini ili kubeba chungu au sufuria. Kuni huingizwa kati ya mawe na kusukumwa ndani kadiri zinavyoungua. Watu wa pwani huyaita mafya, na methali yao kwamba jifya moja haliinjiki chungu inaeleza kwa nini yawe matatu: chungu hakitulii bila ushirikiano. Siasa nayo imeazima maana hiyo. Katika kampeni za uchaguzi Tanzania, Chama cha Mapinduzi kimetumia msemo wa mafiga matatu kuwaomba wananchi wamchague rais, mbunge na diwani wa chama kimoja.

Zamani moto huo ulikuwa ndani ya nyumba. Nyumba ya Kisambaa ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi au majani ya migomba, na mafiga yalikaa humo humo walimolala watu. Kulikuwa na sababu. Usambara ni nchi ya baridi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, na moto wa jioni ndio uliowapasha joto wazee na watoto. Moshi wake ulipanda hadi kwenye uchaga uliowekwa mahindi na kuyakinga na wadudu mpaka msimu wa kupanda. Jiko moja lilipika, likapasha joto na kutunza mbegu.

Nyumba za pembe nne zenye kuta za tofali na paa la bati zilipoenea, jiko lilihamia nje, kwenye kibanda cha nyuma. Ndipo neno jikoni likapata uzito wake wa sasa. Mgeni wa kiume hukaribishwa barazani au sebuleni. Mwanamke jirani huzunguka nyuma, hupiga hodi jikoni, na mara nyingi hukaa akisaidia kumenya viazi au kuchambua maharage huku mazungumzo yakiendelea. Huko ndiko huzungumzwa habari za uchumba, za ugonjwa na za mkopo wa kikundi kabla hazijafika barazani. Kwa hiyo habari za jikoni ni habari za ndani, zilizotoka kwa mtu anayejua.

Maana iliyogusa zaidi mila ni ile ya ndoa. Kwa Wasambaa wa zamani, mume mwenye wake kadhaa alipaswa kumpa kila mke nyumba yake, mashamba yake na jiko lake. Wake wawili hawakutumia mafiga yaleyale. Watoto wa mama mmoja walikula kutoka jiko moja, na hilo liliwatofautisha na ndugu zao wa baba. Kijana asiyeoa alikula kwa mama yake. Kuoa kulimaanisha kuanzisha moto mwingine, na ndiyo maana hadi leo husemwa kwamba fulani amepata jiko, au amevuta jiko. Msemo huo umeenea Tanzania nzima. Wapo wanawake wanaoukataa, kwa kuwa unaweza kumfanya mke aonekane mpishi tu, na hoja yao ina mashiko. Lakini asili yake ni pana zaidi: bila jiko hapakuwa na kaya. Hata katika sensa, kaya hutambuliwa kwa watu wanaoishi na kula pamoja.

Desturi ilimweka mwanamume mbali na jiko la kila siku. Siku ya shughuli huwa tofauti. Kwenye arusi au hitima, mafiga makubwa hupangwa uani, majirani huleta kuni, na wanaume ndio hupasua magogo, kuinua masufuria mazito na kukoroga pilau, huku wanawake wakipeta mchele na kukuna nazi. Jiko la shughuli ni la jamii nzima, na asiyejitokeza hapo hukumbukwa atakapokuwa na shughuli yake.

Jiko ni chombo pia. Lipo jiko la mkaa linalotengenezwa na mafundi bati, jiko la mchina linalotumia mafuta ya taa, jiko la gesi, na jiko banifu la udongo linalopunguza kuni. Vyombo hivyo vikiwa vingi huitwa majiko, ilhali meko ni wingi wa zamani unaosikika zaidi kwa sehemu zenye moto. Vijijini kuzunguka Soni kuni bado ndizo nguzo. Nyingi hutoka kwenye miwati, mikaratusi na migrevilea ya mashambani. Upandaji wa miti shambani ulihimizwa na mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo.

Mwisho, jikoni ni mahali pa matayarisho ya kila namna. Msanii husema wimbo wake uko jikoni, na kamati ya arusi husema mambo bado yanapikwa.

Jiko lenyewe nalo linabadilika. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa Soni, ambako kuni hupandishwa mlimani kichwani mwa mwanamke, mabadiliko hayo hayaiondoi mila, yanaitimiza. Jamii iliyompa mke jina la jiko ina wajibu wa kumpunguzia mzigo wa kuni na moshi.